Kusoma plazma ya Mwezi ukiwa Lubumbashi: mwongozo kamili kuanzia data hadi jina la wimbi

Dunia yetu ina kinga mbili dhidi ya upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye Jua: uga wa sumaku unaousukuma kando ukiwa bado mbali, na hewa inayomaliza kile kinachopenya. Mwezi hauna hata moja. Protoni iliyoondoka kwenye Jua siku nne zilizopita hufika huko ikiwa na kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde na kuugonga udongo wenyewe; elektroni hufika pamoja nayo, na mwanga wa urujuanimno hung'oa elektroni nyingine kutoka kwenye udongo huohuo. Kwa sababu hiyo ardhi ya Mwezi hupata chaji na kurudisha angani sehemu ya chembe zilizoifikia. Chembe zinazorudi hukabiliana na upepo unaokuja, plazma, yaani gesi ya chembe zenye chaji, hutikisika, na mawimbi huzaliwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia, mwalimu wa sekondari, au mtu yeyote wa Lubumbashi mwenye kompyuta ya kawaida, megabaiti za kutosha na nia ya kukaa na tarakimu kwa saa kadhaa. Data zinazohitajika ziko wazi kwa kila mtu bila malipo, na hesabu zote zilizomo hapa zinaweza kufanywa kwa kikokotoo cha shuleni. Ninasisitiza jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linalotenganisha kazi ya kuaminika na kazi ya kubahatisha: usilipe wimbi jina kabla hujajua Mwezi ulikuwa wapi, plazma iliyouzunguka ilikuwa ya aina gani, na kama chombo kilichopima kilikuwa kimeunganishwa na ardhi ya Mwezi kwa mstari wa sumaku. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 30 na lile lenye kipindi cha sekunde 100 hufanana sana kwenye grafu isiyo na vipimo, ilhali moja hutoka upande wa Dunia na jingine husababishwa na Mwezi.

Hatua ya kwanza: fahamu Mwezi uko ndani ya plazma ipi

Katika sehemu kubwa ya kila mwezi, Mwezi huwa umezama katika upepo wa Jua ambao haujaguswa na kitu chochote. Karibu na siku za mwezi mpevu hali hubadilika kabisa, kwa sababu uga wa sumaku wa Dunia hunyooshwa na upepo huo kuwa mkia mrefu unaoelekea upande usio na Jua, na Mwezi hupita ndani ya mkia huo kwa muda wa siku 4 hadi 6 hivi. Ukisimama Lubumbashi usiku wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, anga likiwa halina mawingu, ukauona mwezi mpevu ukichomoza mashariki huku Jua likizama magharibi, basi unauangalia Mwezi ambao kwa kawaida umo ndani ya mkia huo. Kalenda peke yake, kwa hiyo, inakupa nusu ya jibu kabla hujafungua faili lolote.

Ndani ya mkia kuna mazingira mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Pande za juu na za chini za mkia zina plazma hafifu mno, kwa kawaida chini ya chembe 0.1 katika kila sentimita ya ujazo, pamoja na uga wa sumaku uliotulia wa nanotesla 10 hivi. Katikati kuna tabaka la plazma lenye chembe chache lakini zenye joto kali, ambapo elektroni huwa na nishati ya mamia ya elektroni-volti, na wakati mwingine zaidi. Kati ya mkia na upepo huru wa Jua kuna eneo la mpito, ambamo upepo umepunguzwa kasi na kupashwa joto na ngao ya sumaku ya Dunia, na Mwezi hulivuka eneo hilo wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Kumbuka pia kwamba data zote za anga hutumia saa ya kimataifa, UTC, na Lubumbashi iko mbele yake kwa saa 2. Tukio lililoandikwa 22:30 katika faili lilitokea saa 0:30 ya Lubumbashi, tarehe iliyofuata. Andika saa zote mbili juu ya daftari lako tangu mwanzo.

Hatua ya pili: pata data na uzisafishe

Chanzo kinachofaa zaidi kwa mtu anayeanza ni vyombo viwili vya ARTEMIS. Mradi wa THEMIS wa NASA ulirusha vyombo vitano tarehe 17 Februari 2007 kwa ajili ya kuchunguza ngao ya sumaku ya Dunia. Viwili kati yake vilihamishwa baadaye na kuingia kwenye mzingo wa Mwezi mwezi Juni na Julai 2011. Vyombo hivyo huitwa P1 na P2, lakini majina ya faili yanafuata mpangilio wa zamani: P1 ni "thb" na P2 ni "thc". Haviko katika mpango wa kurudisha wanadamu Mwezini wenye jina hilohilo, kwa hiyo unapotafuta kwenye intaneti andika "THEMIS ARTEMIS" kwa pamoja.

Kutoka kwenye vyombo hivyo utahitaji vitu vitatu: uga wa sumaku kutoka kifaa cha FGM, chembe kutoka kifaa cha ESA (msongamano, kasi, halijoto na mgawanyo wa nishati), na mahali chombo kilipokuwa katika mfumo wa majira unaoitwa SSE, ambao kitovu chake ni kitovu cha Mwezi na mhimili wake wa X huelekea kwenye Jua. Mwenye kuweza kutumia Python atafanya kazi haraka kwa programu ya pySPEDAS. Asiyeweza ataingia kwenye tovuti ya CDAWeb ya NASA, achague chombo, kifaa na muda, kisha aombe orodha ya maandishi badala ya faili la CDF, ambalo halisomeki bila programu maalumu. Kwa mtu anayenunua megabaiti kidogo kidogo ninashauri njia hii ya pili, kwa kuwa unaweza kuomba saa 2 tu za data, na faili la maandishi lililokatika njiani umeme ulipozimika bado linasomeka hadi pale lilipoishia, tofauti na faili la CDF.

Chagua kasi ya sampuli kulingana na wimbi unalolitafuta. FGM hutoa data za aina tatu zinazotumika sana: ile ya mzunguko mmoja wa chombo, yaani kipimo kimoja kila sekunde 3 hadi 4 hivi, ile ya vipimo 4 kwa sekunde, na ile ya vipimo 128 kwa sekunde, ambayo hupatikana kwa vipindi vifupi tu. Kanuni ni kwamba huwezi kuona wimbi lenye masafa yanayozidi nusu ya kasi ya sampuli. Kwa wimbi la kipindi cha sekunde 100, data ya mzunguko inatosha kabisa na faili lake ni dogo. Kwa wimbi la hezi 1 unahitaji angalau vipimo 4 kwa sekunde, na hata hapo unakaribia kikomo cha hezi 2. Mtu anayetafuta wimbi la hezi 1 katika data ya mzunguko hataliona, au ataona kivuli chake cha uongo kwenye masafa mengine, na kivuli hicho kina sura nzuri ya kudanganya.

Kuna mtego mmoja unaowapata wengi mjini kwetu. Kompyuta nyingi za hapa zimepangwa kwa Kifaransa, ambapo desimali huandikwa kwa mkato, ilhali faili za NASA hutumia nukta. Ukifungua faili hizo katika Excel bila kubadilisha mpangilio, tarakimu kama 5.02 husomwa kama maneno au, vibaya zaidi, hugeuzwa kuwa tarehe. Badilisha alama ya desimali katika mipangilio ya Excel kabla ya kuingiza faili. Kisha futa mistari yenye thamani za kujazia, zinazowekwa pale kipimo kinapokosekana, ambazo kwa kawaida ni tarakimu kubwa mno zenye alama ya kutoa mbele yake. Zikibaki, wastani wako wote utaharibika.

Hatua ya tatu: kokotoa vipimo vya mahali hapo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu tarakimu tatu tu hukupa mandhari nzima. Chukua msongamano wa elektroni n katika kila sentimita ya ujazo, nishati ya joto ya elektroni T katika elektroni-volti, na nguvu ya uga wa sumaku B katika nanotesla. Kanuni ni hizi (urefu wa Debye ni umbali ambao plazma huhitaji ili kuficha chaji iliyo ndani yake):

Masafa ya plazma, kwa kilohezi = 8.98 × kipeuo cha pili cha n
Urefu wa Debye, kwa mita = 7.43 × kipeuo cha pili cha (T ÷ n)
Masafa ya mzunguko wa elektroni, kwa hezi = 28 × B
Masafa ya mzunguko wa protoni, kwa hezi = 0.01525 × B
Nusu kipenyo cha mzunguko wa protoni, kwa kilomita = 10.44 × kasi (kilomita kwa sekunde) ÷ B

Weka upepo wa Jua wa kawaida: n = 5, T = 10, B = 5, kasi 400. Masafa ya plazma yanakuwa kilohezi 20.1, urefu wa Debye mita 10.5, masafa ya elektroni hezi 140, masafa ya protoni hezi 0.076 (yaani mzunguko mmoja kila sekunde 13), na nusu kipenyo cha protoni kilomita 835. Linganisha tarakimu hii ya mwisho na nusu kipenyo cha Mwezi, ambacho ni kilomita 1,737. Protoni haiwezi kuuzunguka mstari wa sumaku bila kuhisi ukubwa wa Mwezi, wakati elektroni ya elektroni-volti 10, ambayo mzunguko wake una nusu kipenyo cha kilomita 2 tu, huufuata mstari uleule hadi ardhini. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila jambo linalofuata: elektroni hufuata mistari, protoni hufuata njia zake pana.

Sasa rudia hesabu kwa sehemu ya mkia yenye n = 0.1 na T = 200. Masafa ya plazma hushuka hadi kilohezi 2.8, na urefu wa Debye hupanda hadi mita 332. Halafu fanya hivyo kwa tabaka la fotoelektroni, yaani elektroni zinazong'olewa na mwanga, lililolala juu ya ardhi yenye mwanga wa Jua, ambapo msongamano ni wa kiasi cha 100 na nishati ni kiasi cha elektroni-volti 2: kilohezi 90, na urefu wa Debye wa mita 1 hivi. Katika muda wa mwezi mmoja, kwa hiyo, mtu anayesimama mahali pamoja hupitia plazma zinazotofautiana mara mamia kwa urefu wa Debye. Ndiyo maana sentensi kama "plazma ya Mwezi ina msongamano fulani" haina maana mpaka useme wapi na lini. Chandrayaan-3 ya India, iliyotua karibu na ncha ya kusini tarehe 23 Agosti 2023, ilipima kwa kifaa chake cha RAMBHA msongamano wa elektroni kati ya 5 na 30 katika kila sentimita ya ujazo karibu na ardhi. Ilikuwa asubuhi ya eneo hilo, Jua likiwa chini sana, na tarakimu hiyo ni ya hali hiyo.

Hatua ya nne: kadiria chaji ya ardhi

Ardhi ya Mwezi hujipatia volteji ambayo hufanya jumla ya mikondo ya umeme inayoingia na kutoka iwe sifuri. Upande wa mchana kuna mikondo mitatu mikubwa. Fotoelektroni zinazong'olewa na mwanga, Jua likiwa utosini, hutoa mikroampea 4.5 kwa mita ya mraba, kwa mujibu wa vipimo vya maabara vilivyofanywa kwa udongo ulioletwa na Apollo. Elektroni za upepo wa Jua, kwa n = 5 na T = 10, huleta mikroampea 0.42. Protoni huleta 0.32, tarakimu unayoipata kwa kuzidisha msongamano, kasi na chaji ya protoni.

Kwa kuwa fotoelektroni zinazotaka kutoka ni nyingi mno kuliko elektroni zinazoingia, ardhi hubaki na chaji chanya na kuzivuta nyingi zirudi. Elektroni zinazoingia zikitoa protoni zinazoingia ni 0.42 − 0.32 = 0.10, kwa hiyo fotoelektroni zinazofaulu kutoroka lazima ziwe mikroampea 0.10 tu kati ya 4.5. Kwa fotoelektroni za elektroni-volti 2, volteji ni 2 × logarithimu asilia ya (4.5 ÷ 0.10), yaani kama volti 7.6. Ukiziacha protoni nje ya hesabu utapata volti 4.7. Majibu yote mawili yanaangukia pale vipimo vinapoangukia, yaani volti chache chanya hadi 10 hivi, nami ninakushauri uzifanye hesabu zote mbili ili uone jinsi tarakimu ndogo ya kutoa inavyolisogeza jibu.

Usiku fotoelektroni hazipo. Elektroni, ambazo ni nyepesi na zenye kasi, huifikia ardhi kwa wingi kuliko ioni, na chaji huwa hasi. Katika plazma ambayo elektroni na protoni zina halijoto moja, volteji hukaribia −3.76 × T. Kwa tabaka la plazma la mkia lenye elektroni za elektroni-volti 500, hesabu hutoa kama volti −1,900. Hali halisi kwa kawaida hupunguza kiasi hicho, kwa sababu elektroni zenye nishati zinapougonga udongo hung'oa elektroni nyingine za pili; hata hivyo chombo cha Lunar Prospector, kilichouzunguka Mwezi mwaka 1998 na 1999, kilikuta volteji hasi za maelfu ya volti katika tabaka la plazma na wakati wa dhoruba za Jua. Kwa yeyote anayepanga kupeleka kifaa cha kutua, hii si habari ya pembeni.

Unawezaje kuipima volteji hiyo ukiwa juu angani? Fungua mgawanyo wa nishati wa elektroni zinazopanda kutoka upande wa Mwezi. Elektroni za pili zilizozaliwa kwenye ardhi yenye volteji hasi husukumwa juu, na hufika kwenye chombo zikiwa zimejikusanya katika mwale mwembamba unaoufuata mstari wa sumaku, wenye nishati inayolingana na volteji ya ardhi ukilinganisha na chombo. Mwale wa elektroni-volti 300 humaanisha ardhi iko volti 300 chini ya chombo. Uthibitisho wa pili hutoka kwa elektroni zinazoshuka. Elektroni yoyote yenye nishati ndogo kuliko volteji hiyo hurudishwa yote. Ile yenye nishati E kubwa zaidi hurudi tu ikiwa sini mraba ya pembe yake na mstari wa sumaku inazidi (B ya chombo ÷ B ya ardhi) × (1 − U ÷ E), ambapo U ni ukubwa wa volteji hasi. Kikomo cha pembe kikibadilika kadiri nishati inavyobadilika, kuna uga wa umeme njiani. Kikibaki palepale kwa nishati zote, ni sumaku peke yake inayozirudisha elektroni. Usisahau kwamba chombo chenyewe kina volteji yake mwangani, kwa kawaida chanya, na lazima uitoe.

Hatua ya tano: jua ni chembe gani zinazopanda

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ardhi ya Mwezi humeza karibu kila protoni inayoigonga. Kaguya ya Japani, iliyorushwa Septemba 2007 na kuzunguka kwenye kimo cha kilomita 100 hivi, ilionyesha kwamba asilimia 0.1 hadi 1 ya protoni za upepo wa Jua hurudi angani zikiwa bado protoni. Chandrayaan-1, iliyorushwa Oktoba 2008, ilikuta kwamba hadi asilimia 20 hivi hurudi zikiwa atomi za haidrojeni zisizo na chaji. Juu ya maeneo yenye sumaku ya miamba, kama Reiner Gamma upande unaoonekana kutoka Duniani, protoni zinazorudishwa huzidi asilimia 10. Uga huo wa miamba una nguvu za kutofautiana sana: wanaanga wa Apollo 12 waliacha kifaa kilichosoma nanotesla 38, na wale wa Apollo 16 walipima hadi nanotesla 327. Mwaka 2024 kifaa cha Sweden kilichobebwa na chombo cha China, Chang'e 6, kikaongeza ioni hasi kwenye orodha hiyo.

Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini angalia nishati. Protoni ya kilomita 400 kwa sekunde ina elektroni-volti 835. Ikirudi kuelekea Jua, mara moja hukutana na uga wa umeme wa upepo, ambao ni kasi mara B, yaani milivolti 2 kwa mita, na kuanza kubebwa katika njia ya mapinde. Katika macho ya plazma inayokuja, hiyo ni chembe yenye kasi maradufu inayopita ndani yake, na plazma haiwezi kuvumilia mkondo wa namna hiyo bila kuzaa mawimbi.

Pamoja na protoni hizo kuna ioni za sodiamu na potasiamu zinazotoka kwenye gesi nyembamba mno inayouzunguka Mwezi. Ioni ya sodiamu ina uzito mara 23 wa protoni, hivyo nusu kipenyo chake hufika kilomita 19,000, zaidi ya mara 10 ya Mwezi wenyewe, na nishati yake kileleni mwa pinde hufika kama elektroni-volti 77,000. Kifaa cha ESA huishia kwenye nishati ya elektroni-volti 25,000 hivi, kwa hiyo utaziona mwanzoni mwa njia yao tu, karibu na ardhi.

Kuhusu kivuli cha plazma kilicho nyuma ya Mwezi nitasema machache. Elektroni huingia humo kwanza, uga wa umeme hujitokeza na kuzivuta ioni, na pengo hujazwa kwa kasi ya sauti ya ioni, ambayo ni kilomita 31 kwa sekunde kwa T = 10. Kwa kasi hiyo nusu kipenyo cha Mwezi hupitwa kwa sekunde 56, muda ambao upepo wa Jua umeshasafiri kilomita 22,400. Chombo cha Wind kilikivuka kivuli hicho tarehe 27 Desemba 1994 kwenye umbali wa nusu vipenyo 6.5 vya Mwezi, na kilikikuta bado hakijajaa, kama hesabu inavyotaka.

Hatua ya sita: je, mstari wa sumaku unagusa Mwezi?

Hakuna hatua inayorukwa mara nyingi kuliko hii, wala inayookoa makosa mengi kuliko hii. Elektroni zilizorudishwa na ardhi hukifikia chombo tu ikiwa mstari wa sumaku unaopita kwenye chombo unagusa Mwezi. Tuchukue mstari huo kuwa umenyooka, jambo linaloruhusiwa kwa umbali mfupi.

Chukua mfano wa mazoezi. Chombo kiko (1.5, 2.0, 0.5) kwa kipimo cha nusu vipenyo vya Mwezi katika SSE, na uga wa sumaku ni (−3, −4, 0) nanotesla. Ukubwa wa uga ni 5, kwa hiyo vekta ya mwelekeo ni (−0.6, −0.8, 0). Zao la msalaba la mahali na mwelekeo ni (0.4, −0.3, 0), lenye ukubwa wa 0.5. Huo ndio umbali mfupi zaidi kati ya mstari na kitovu cha Mwezi, na kwa kuwa ni pungufu ya 1, mstari unagusa ardhi. Zao la nukta la mahali na mwelekeo ni −2.5; hasi ina maana kwamba Mwezi uko mbele, upande ambao uga unaelekea. Umbali hadi ardhini ni 2.5 kutoa kipeuo cha pili cha (1 − 0.25), sawa na 1.634, au kilomita 2,838. Unyayo wa mstari uko (0.52, 0.69, 0.50).

X ya unyayo ni chanya, kwa hiyo ni mchana pale, Jua likiwa nyuzi 59 kutoka utosini. Tarajia volteji chanya ndogo na fotoelektroni. Kama X ingekuwa hasi, ungetarajia volteji hasi na mwale wa elektroni tuliouzungumzia. Weka hesabu hii katika safu za Excel na uirudie kwa kila mstari wa data, kwa sababu uga hubadilisha mwelekeo kila baada ya dakika chache na muunganiko huja na kutoweka. Mawimbi yanayoanza na kukoma pamoja na muunganiko huo yana uhusiano na Mwezi. Yale yanayoendelea bila kujali, karibu kila mara, hayana.

Protoni zilizorudishwa hazifungwi na kanuni hii, kwa kuwa mzunguko wao ni mpana. Kwao, angalia kama chombo kiko upande ambao uga wa umeme wa upepo unazisukuma.

Hatua ya saba: sasa lipe wimbi jina

Kata data zako katika vipande, tafuta nguvu kwa kila masafa, na uviweke vilele vyake kando ya vipimo ulivyokokotoa katika hatua ya tatu.

Karibu na masafa ya plazma yapo mawimbi ya Langmuir, yaani mitikisiko ya elektroni za plazma, yanayoamshwa na miale ya elektroni zinazorudi. Katika upepo wa Jua masafa hayo ni kilohezi 20 hivi, juu ya uwezo wa kifaa cha uga wa umeme cha ARTEMIS, ambacho mawimbi yake hurekodiwa hadi kilohezi 8. Usiyatafute humo, Wind na Kaguya vilikuwa na vipokezi vinavyofika huko, na data za Kaguya ziko wazi kwenye hifadhi ya JAXA, shirika la anga la Japani. Katika mkia, ambapo masafa ya plazma hushuka hadi kilohezi 2.8, ARTEMIS inaweza.

Chini ya masafa ya mzunguko wa elektroni huishi mawimbi ya mluzi, ambayo uga wake huzunguka kama elektroni zinavyozunguka. Juu ya upande wa mchana Kaguya ilikuta mawimbi ya aina hii yaliyotapakaa kati ya hezi 0.03 na 10, na mengine yenye masafa safi karibu na hezi 1. Haya ya hezi 1 yanahitaji uangalifu. Mara nyingi huonekana yakizunguka mkono wa kushoto, kinyume na asili yake, kwa kuwa wimbi linalojaribu kupanda dhidi ya upepo hubebwa na upepo huo na kukipita chombo kinyumenyume. Kabla ya kuandika kwamba umepata wimbi la ioni, linganisha kasi ya wimbi na kasi ya upepo.

Karibu na hezi 0.01 kuna mawimbi makubwa yenye kipindi cha sekunde 100 hivi, yaliyoripotiwa kutoka data za Kaguya mwaka 2012. Masafa yake ni pungufu mno ya hezi 0.076 za mzunguko wa protoni, na chanzo chake ni protoni zilizorudishwa zinazokutana na upepo. Hapa ndipo Dunia inapoweza kukupotosha. Mbele ya ngao ya sumaku ya Dunia nako kuna protoni zinazorudishwa, na mawimbi yake hufika hadi kwenye Mwezi. Masafa ya mawimbi hayo ya Dunia, kwa milihezi, ni takriban 6 × B, yaani milihezi 30 kwa nanotesla 5, kipindi cha sekunde 33. Ikiwa kilele chako kinasogea pamoja na B kwa kanuni hiyo, na mstari wa sumaku ukirefushwa unaelekea kwenye ngao ya Dunia, Mwezi hauhusiki.

Uamuzi wa mwisho hutolewa na chombo cha pili. P1 na P2 mara nyingi huwa pande tofauti, kimoja kikiwa karibu na ardhi na kingine katika upepo ambao haujaguswa. Pakua saa zilezile za chombo cha mbali, rudia hatua ya tatu na ya sita kwa ajili yake, na uchore spektrogramu (grafu za nguvu ya mawimbi kwa saa na masafa) zote mbili kwa kipimo kimoja cha rangi. Wimbi likiwepo kwa P1 na lisiwepo kwa P2, huku P1 ikiwa imeunganishwa na P2 haijaunganishwa, andika jina lake, na pembeni yake andika saa ya UTC, mahali pa vyombo vyote viwili, n, T, B, kasi ya upepo na unyayo wa mstari, ili mwenzako wa Lubumbashi au wa kwingineko aweze kurudia kazi yako bila kukuuliza swali. Likiwepo kwa vyombo vyote viwili kwa nguvu ileile, rudi kwenye hatua ya kwanza na uangalie tena Mwezi ulikuwa upande gani wa Dunia.